Mama wa vitunguu naye aingie ukumbini

Kila mwaka Novemba inapokaribia mwisho, mbao za matangazo za vyuo vya Arusha hujaa karatasi: mihadhara ya wazi, siku za ajira, midahalo ya haki. Mfanyabiashara anayepita kuelekea Namanga hazisomi. Anadhani ni mambo ya wanafunzi.

Mama mmoja anayevusha vitunguu alicheka nilipomshauri ahudhurie. Mzigo atamwachia nani? Swali halali kabisa, maana siku bila kuuza ni hasara. Ila nilipomuuliza anavukaje, akasema humlipa kijana fulani amjazie fomu na "kuongea na wakubwa". Mzigo wake haujawahi kufika dola 2,000 za Marekani.

Kwa mzigo wa thamani hiyo kuna utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bidhaa ikiwa imezalishwa ndani ya Jumuiya na imo kwenye orodha iliyokubaliwa, cheti rahisi cha uasili hutolewa palepale mpakani na ushuru wa forodha hautozwi. Lakini cheti cha afya ya mimea bado kinatakiwa. Hapo ndipo wengi hukwama: wakisikia hakuna ushuru, wanadhani hakuna karatasi nyingine. Kijana wa fomu anaishi kwa kosa hilo.

Mhadhara wa biashara ya kikanda ndio mahali pa kuuliza hayo bila kulipa mtu. Mhadhiri anaijua sheria. Foleni ya saa kumi na moja alfajiri unaijua wewe. Mwambie.

Siku ya ajira mpeleke mwanao. Uwakala wa forodha una cheti chake cha Afrika Mashariki, kinachofundishwa Chuo cha Kodi, Dar es Salaam, na kwa upande wa Kenya katika chuo cha mamlaka ya mapato. Aulize ada na sifa za kujiunga. Familia yenye wakala wake haihitaji kijana wa fomu.

Halafu zipo Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kampeni iliyoanza mwaka 1991. Hufunguliwa Novemba 25, kumbukumbu ya akina dada Mirabal waliouawa mwaka 1960 katika Jamhuri ya Dominika, na kufungwa Desemba 10, Siku ya Haki za Binadamu. Midahalo niliyohudhuria huzungumzia sana ndoa na mabweni. Ya mpakani hayatajwi: mwanamke kuombwa fedha, au kuombwa mwili, ili mzigo upite. Wapo wanaochagua njia za panya kwa sababu hiyo, si kwa kukwepa ushuru. Wanafunzi wale ndio maofisa na mawakili wa kesho, na wasiposikia sasa watasikia wapi?

Hakuna haja ya kwenda soko zima. Kikundi kichague mmoja, wengine wamuuzie mzigo siku hiyo. Getini aende na kitambulisho, aulize ofisi ya mshauri wa wanafunzi kama shughuli ni ya wazi kwa wananchi.

Mama wa vitunguu alitaka kujua kama mtu huruhusiwa kuuliza swali akiwa amekaa nyuma. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi atamtuma mwenzake anayevuka Jumanne, yule haogopi kipaza sauti.