Leso za Sandukuni: Kazi Ndogo za Viraka Msimu Huu wa Kipupwe

Mwenye kushona viraka huulizwa swali moja kila anapoitoa kazi yake mbele ya watu: subira hii umeipata wapi? Lau ningechaguliwa mimi swali, ningependa niulizwe kitambaa nimekipata wapi. Subira huja yenyewe mtu akizoea kuketi na sindano baada ya Alasiri. Kitambaa kibaya hakina dawa. Kitavutika, kitachuja rangi, kitajikunja pembeni, na saa zote alizozitoa mshonaji zitakuwa zimekwenda na maji ya kufulia siku ya kwanza.

Msimu huu wa kipupwe nimemaliza kazi tatu ndogo: jozi ya vishikio vya sufuria, kifuko cha mswala wa safari, na mfarishi mdogo wa mjukuu. Zote zimetoka katika leso. Kabla ya kueleza zilivyoshonwa, ni vyema tukumbushane leso yenyewe imetoka wapi, kwani wapo wanaodhani kwamba kuikata leso na kuiunga upya ni mtindo ulioletwa na wageni.

Husimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Unguja na wa mwambao huu wetu walikuwa wakinunua vitambaa vya mkono vyenye nakshi, ambavyo Wareno waliviita lenço. Vitambaa hivyo viliuzwa vikiwa vimeungana katika gora moja, havijakatwa. Mwanamke alinunua sita kwa mpigo, akavikata vitatu vitatu, kisha akaviunga ubavu kwa ubavu, akapata shuka moja pana ya kujifunga. Hiyo ndiyo iliyokuwa leso ya kushona, na jina tumebaki nalo hadi leo hapa Mombasa, ilhali kwingineko watu husema kanga. Wafanyabiashara walipoona biashara ilipo, wakaagiza nguo iliyopigwa chapa nzima nzima, yenye pindo na mji wake. Maneno yalikuja baadaye, mwanzoni mwa karne iliyopita, na sifa hiyo aghalabu hupewa mfanyabiashara wa papa hapa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye leso zake zilijulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla. Majina ya mwanzo yalipigwa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaja herufi za Kirumi. Basi leso ya kwanza ilikuwa kazi ya viraka, na waliovishona ni bibi zetu.

Historia hiyo sikuisoma kwa kupenda vitabu. Niliitafuta kwa sababu nyumbani kwetu kulikuwa na mzozo.

Marehemu mama aliacha sanduku la leso. Zilikuwamo thelathini na kitu, baadhi mpya hazijapindwa, baadhi zimefuliwa hadi zikawa laini kama melimeli. Nguo za marehemu ni sehemu ya mirathi, hivyo hapakuwa na mmoja wetu aliyekuwa na ruhusa ya kulifungua sanduku na kuchukua alitakalo. Tuliketi sote, ndugu wa kike na wa kiume. Zile mpya tulikubaliana zitolewe kwa wenye haja, zikatolewa. Zilizovaliwa ndizo zilizoleta maneno. Dada yetu mkubwa hakutaka hata uzi mmoja ukatwe. "Mama alijifunga hizi akitulea," alisema, "nanyi mwataka kuzifanya matambara ya jikoni?" Kakangu akajibu kwamba nguo ikikaa sandukuni miaka mingi huchanika yenyewe kwenye mikunjo, na watoto wetu watakaporithi watarithi vumbi. Wote wawili walisema kweli, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu.

Ufumbuzi ulitokana na leso zenyewe. Leso huuzwa jozi, vipande viwili vilivyo sawa kwa rangi, nakshi na jina. Tukaafikiana hivi: palipo na jozi kamili, kimoja kitabaki kizima kwa dada na kimoja kitakuwa halali ya mkasi. Palipobaki kimoja tu, kwa kuwa mwenzake mama alikwisha kumpa jirani au mgeni, hakikatwi ila kwa shauri la wote. Nilitoka pale na vipande tisa.

Kazi ya kwanza katika tisa hizo ilikuwa kuzichambua. Leso za zamani nyingi ni pamba tupu, lakini siku hizi madukani zimejaa zilizochanganywa na nyuzi za plastiki, na mkono peke yake huweza kudanganyika. Chomoa nyuzi mbili tatu kutoka ukingoni, uzishike kwa koleo juu ya sinia ya bati, mbali na watoto, kisha uzitie moto. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, na jivu lake husagika kwa vidole. Uzi wa plastiki hujikunyata, huyeyuka, na mwisho wake huwa punje ngumu. Sina ugomvi na leso ya namna hiyo kwa kujifunga, ila katika viraka siichanganyi na pamba. Haishiki pasi, na mkunjo ulioupiga sasa hivi utaukuta umefunguka ukigeuka kutafuta pini. Vivyo hivyo kwa mabaki ya kitambaa cha abaya, ambayo mafundi wetu huyatupa kwa mafungu. Ni meusi mazuri, yanashawishi, lakini yanateleza mno chini ya sindano.

Baada ya hapo ni maji. Kila kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa, kipya na kikuukuu. Pamba mpya hurudi ikifuliwa. Ile ya zamani imekwisha kurudi zamani zake. Ukiziunga bila kufua, mpya itaivuta ya zamani siku ya kwanza ya kufuliwa na kazi yote itafinyana. Nyekundu nazo zifuliwe peke yake, tena na tena, mpaka maji yatoke meupe. Nakijua kisa cha chumvi na siki, kila nyumba inakisimulia, lakini rangi za viwandani hazishikwi na vitu hivyo. Kipimo cha kweli ni kulowesha pembe ya leso, kuiweka juu ya bafta nyeupe, na kuipiga pasi. Bafta ikitoka safi, endelea.

Vishikio vya sufuria nilivianza kwanza kwa sababu kosa la kishikio halimuumizi mtu moyo. Kila kimoja kina miraba 9, mitatu kwa mitatu, iliyokatwa inchi 3 kila upande. Mshono wa kuungia ni robo inchi, na hapa ndipo washonaji wapya hupotea: mraba wa inchi 3 ukishaungwa pande zote hubaki inchi 2 na nusu. Kwa hiyo kipande chote hutoka inchi 8 kabla ya kutiwa ukingo, wala si 9. Mshono ukizidi kwa unene wa uzi mmoja tu, pembe hazitakutana. Ndani nilitia matabaka mawili ya taulo kuukuu la pamba, na nyuma kipande cha kikoi, ambacho ni kizito kuliko leso na hustahimili kufuliwa. Sponji isitiwe katika kitu cha kushikia moto, huyeyuka. Na kishikio kilicholowa kisishikiwe sufuria hata kidogo, kwani maji hupitisha moto upesi, mtu akaungua akidhani amejikinga.

Dada alivitazama akanyamaza. Hakuvipenda, na nikamwelewa.

Kifuko cha mswala ndicho kilichobadilisha mambo. Mama alikuwa na leso moja ambayo jina lake liliomba radhi ya mzazi, na jozi yake ilikuwa kamili. Kwa siku kadhaa niliiweka kitandani nikiizunguka. Leso ina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa 110, na kila sehemu ina kazi yake: pindo zake ni tepe tayari za kuzungushia, mji wake hutoa miraba, pembe zake mara nyingi zina korosho kubwa inayotosha kuwa pambo peke yake. Jina ndilo gumu. Ukilikata katikati unapata herufi zisizo na maana, na ukiliacha zima linatawala kazi yote. Nilikata neno moja tu, radhi, nikalishona ndani ya mfuniko, mahali ambapo mwenye kifuko pekee ndiye atakayeliona anapokifungua. Nje nilitumia mji wa leso ileile, uliokuwa wa bluu iliyofifia, na bitana nikaweka bafta. Mswala wenyewe sikuugusa. Wapo wanaoshona mswala wa viraka vya rangi kumi, na mimi naona rangi kumi si kitu cha kuwekewa macho ya anayeswali. Kifukoni hazimshughulishi mtu.

Huyo dada aliyekataa uzi mmoja usikatwe ndiye aliyekiomba. Amekwenda nacho Umra.

Mfarishi wa mjukuu ulichukua muda mrefu kuliko vyote, na sehemu kubwa niliishona kwa mkono. Miraba ni 42, sita kwa saba, iliyokatwa inchi 5 na nusu, ikatoa inchi 30 kwa 35. Neno mfarishi baadhi ya vijana wetu hawalijui tena, husema blanketi la viraka. Una matabaka matatu: uso wa viraka, tandiko la kati, na bitana ya chini. Katika joto letu tandiko la kati halihitaji kuwa nene. Mimi nilitia shuka kuukuu la pamba, likatosha. Matabaka hayo hupigwa bandi kwanza yasitembee, kisha hudariziwa kwa mishono midogo ya kwenda mbele inayoyashika pamoja. Mkaza mwanangu nilimweleza mapema kwamba ni wa kumtandikia mtoto sakafuni acheze, si wa kumfunika akilala. Madaktari wanaonya kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilazwe na nguo zisizokazwa karibu na uso wake, na mfarishi ni mmoja wao hata ukishonwa na nyanya yake.

Mtindo niliotaka kuujaribu katika kudarizi niliupata kwa Masidi wa Karnataka, nchini India. Hao ni watu wenye asili ya Afrika, wengi wao wakiwa na chimbuko katika upande huu wa mashariki, ambao mababu zao walivushwa bahari, wengi wakiwa watumwa, zama za Wareno na hata kabla. Wako Waislamu, Wakristo na Wahindu miongoni mwao. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kutokana na nguo zilizochakaa za nyumbani. Sisi tulivyofundishwa, viraka huungwa kwanza na kudarizi huja mwisho. Wao huanza ukingoni: huweka kiraka juu ya kitambaa cha chini, hukishona, huweka kingine, wakizunguka mfarishi wote na kurudi ndani kidogo kidogo mpaka wafike katikati. Kuunga na kudarizi huwa kazi moja. Kwenye pembe nne hutia vipande vidogo vilivyokunjwa, viitwavyo phula, yaani maua, na bila ya hayo mfarishi huhesabiwa kuwa uchi. Sikufuata njia yao yote, miraba yangu ilikwisha kuungwa, lakini nilidarizi kwa kuzunguka kutoka ukingoni, na maua manne nikayatia. Mkono huchoka kidogo kuliko kwenda safu kwa safu, kwa kuwa hakuna kugeuza kazi kila ufikapo mwisho.

Kuhusu rangi, wengi huhangaika kutafuta zinazopatana. Leso zetu hazikuumbwa zipatane, zina nyekundu, manjano na nyeusi zinazopigiana kelele. Kinachozituliza ni kupanga vyeusi na vyeupe, nikimaanisha vilivyokolea na vilivyofifia, bila kujali ni rangi gani. Tandaza miraba yote sakafuni, rudi nyuma hatua nne, ufumbe macho nusu. Palipo na doa zito pataonekana, nawe uhamishe. Leso iliyofuliwa miaka ishirini ni hazina hapa, kwa sababu nyekundu yake imekwisha kutulia na hakuna duka linaloiuza.

Zimebaki leso nne katika zile tisa. Mabaki madogo yasiyofaa hata kwa kishikio nimeyakatakata nikajaza mto wa kuchomea pini. Na sandukuni kuna kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya harusi. Ni kimoja tu, hakina mwenzake, na mama alifungwa nacho siku alipoolewa. Binti wa dada anaolewa baada ya Mfunguo Tatu, na ameomba pindo lake tu lizungushiwe shela. Dada amesema apewe kizima. Kakangu hajajibu, na mkasi uko mezani chini ya bafta.