Nyonga Inapouma Ukiwa Mjamzito Chuoni

Siku niliyojua kwamba hii si kuchoka tu, nilikuwa na ndoo ya maji mkononi kwenye ngazi za hosteli. Nilinyanyua mguu wa kulia, nikasikia chini kabisa ya tumbo, kwenye mfupa wa kinena, kama mtu ananichana kwa kisu. Ndoo niliiacha palepale. Mimba ilikuwa ya wiki 24, na TP ilikuwa inaanza baada ya mwezi mmoja.

Mama kwenye simu alisema, "Vumilia mwanangu, ndo mimba hizo." Mwenzangu wa chumbani: "Shoga, umeanza kudeka." Msimamizi mmoja, nilipomwomba anipangie shule ya karibu, alinikumbusha kuwa ujauzito si ugonjwa. Kweli si ugonjwa. Lakini maumivu haya yana sababu na yana namna ya kuyapunguza, na hakuna aliyeniambia mpaka nilipokutana na nesi mmoja kliniki.

Nyonga si mfupa mmoja. Ni kama pete ya mifupa iliyoungana sehemu tatu: mbele kwenye kinena, na nyuma pande mbili, pale inapokutana na uti wa mgongo. Kwa kawaida maungio haya hayachezi sana, kano ngumu zimeyashika. Ukibeba mimba, homoni, mojawapo ikiitwa rilaksini, hulegeza kano hizo. Huku mtoto anakua, uzito unasogea mbele, misuli ya tumbo inatanuka, hata mwendo unabadilika. Upande mmoja ukicheza kuliko mwingine, maungio yanaelemewa na kuuma. Maumivu huweza kushuka mapajani au kuhamia kiunoni. Inakadiriwa mjamzito 1 kati ya 5 huyapata. Mtoto hayamdhuru, hilo ndilo lilikuwa swali langu la kwanza.

Sasa angalia: ngazi, kuvaa suruali, kupanda daladala, kugeuka kitandani. Vyote vinakufanya uachanishe miguu au uegemee mguu mmoja, na hapo ndipo pete inapovutwa upande. "Mama," nesi akaniambia (kliniki kila mtu ni mama, hata mwenye miaka 22 na kitambulisho cha mwanafunzi), "jifanye umevaa sketi ya kubana." Sentensi hiyo ilinisaidia kuliko kila kitu.

Kwa hiyo nguo navaa nimekaa. Kwenye gari naketi kwanza, halafu naingiza miguu yote miwili pamoja. Bodaboda nimeiacha. Ngazi napanda moja moja, nikitanguliza mguu usiouma sana; kushuka natanguliza ule unaouma. Nalala ubavu, na kitu katikati ya miguu kuanzia magotini hadi kwenye vifundo. Mto wa pili sina, nimekunja blanketi nikalifunga na kanga. Nikitaka kugeuka nabana magoti kwanza. Kitanda cha juu kwenye deka usijaribu kabisa, badilishana na mtu.

TP ndiyo ilinitia hofu, maana mwalimu wa kukaa anaonekana mvivu. Niliandaa chati za manila usiku ili nisisimame ubaoni muda mrefu, kiranja akawa anagawa madaftari, na kiti nikakiweka pembeni ya ubao. Wanafunzi walizoea ndani ya siku mbili. Kulala kitandani siku nzima nako hakusaidii: tembea kidogo, pumzika, tembea tena. Mtaalamu wa fiziotherapia akipatikana, mwone mapema, ana mazoezi ya kuimarisha misuli ya nyonga.

Kuhusu dawa, hapa niko mkali. Diklofenaki na ibuprofeni zinanunuliwa kama karanga, lakini kuanzia wiki ya 20 zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Usimeze bila daktari. Parasetamoli ndiyo hutumika zaidi, na hata hiyo uliza kipimo kliniki.

Na si kila maumivu ya huko chini ni nyonga. Ukiona damu au maji yanatoka, una homa, mkojo unaunguza, mtoto amepunguza kucheza, au tumbo linakaza na kuachia kwa kupokezana kabla ya wiki ya 37, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kilichofungua milango kwangu ni karatasi ya kliniki. Niliiambatanisha na barua kwa mshauri wa wanafunzi, nikapata chumba cha chini (karibu na choo, harufu tumeizoea) na shule ya umbali wa dakika kumi. Nimeshamwambia mkunga pia, ili siku ya kujifungua wasinipanue miguu kupita ninapoweza. Amesema naweza kujifungua hata nikiwa nimelala ubavu. Kwa wengi maumivu hupungua baada ya hapo.

Sasa niko wiki ya 35, TP imebaki wiki moja. Yule aliyesema nadeka ndiye anayenichotea maji.