Aliyechukua Habari Hurudi na Habari

Kuna neno linalorudiwa katika mikahawa ya Lodwar na kwenye ofisi za mashirika kule Kakuma, kwamba Mturkana ni mgumu wa utafiti. Ukimpelekea dodoso, anauliza litamfaa nini. Ukimwomba damu, anataka kujua inapelekwa wapi. Ukimwuliza ana mbuzi wangapi, anakutazama tu. Wasemao hivyo huongeza, kwa sauti ya huruma, kwamba watu wa kuhamahama hawajazoea mambo ya sayansi. Nimechoka kulisikia. Huo wanaouita ugumu ni adabu yetu ya kupeana maarifa, nayo ina masharti makali kuliko wanavyodhani.

Kwetu habari ni uhai. Mifugo ikipelekwa mahali pasipo nyasi kwa sababu ya uvumi, watoto watalala njaa msimu mzima. Ndiyo maana mgeni akifika kwenye awi, boma la familia, hapokonywi habari mlangoni. Anaonyeshwa mti wa wanaume, penye vikao, anakaa juu ya ekicholong, kigoda chake, anapewa maji au maziwa, na tumbaku inazunguka. Baada ya hapo ndipo anaombwa aseme. Alilala wapi? Kwa nani? Mvua imenyesha upande gani wa mlima? Ng'ombe wa huko wanakohoa? Anaeleza bila haraka, na waliokaa wanamwitikia ili ajue wanamfuata.

Kisha yanakuja maswali. Mzee anaweza kumkatiza na kumwuliza, "Hilo uliliona kwa macho yako, au uliambiwa?" Akisema aliambiwa, ataulizwa aliambiwa na nani, na huyo aliyemwambia alikuwa na mifugo huko au alikuwa mpita njia. Akisema aliona, ataulizwa nyasi zilikuwa za aina gani, zinafika wapi mguuni, maji yako umbali gani, na kama nyayo za majirani zetu Watoposa zimeonekana. Hata akijibu yote vizuri, adakar nzima, yaani kundi la familia zinazohama pamoja, haihami kwa neno la mtu mmoja. Vijana hutumwa kwenda kutazama, nao wakirudi husimama chini ya mti uleule na kuhojiwa vilevile. Naomba niambiwe hilo lina upungufu gani mbele ya sayansi.

Desturi ninayoipenda kuliko zote ni ile inayochekwa kuliko zote, nayo ni kusoma matumbo. Mbuzi akishachinjwa, utumbo hutolewa mzima na kutandazwa juu ya majani, na wazee huinama kuuzunguka. Mmoja ananyoosha kidole, bila kuugusa, kwenye mshipa uliopinda: huu ni mto. Mwingine anaonyesha madoa mekundu kando yake: hawa ni watu, nao hawaji kwa heri. Wa tatu anakataa. Anasema mbuzi huyu alitoka malisho ya kusini, kwa hiyo madoa hayo yasomwe upande mwingine. Wanabishana, wanakumbushana matumbo ya miaka ya nyuma na yaliyotokea baadaye, na aliyekosea zamani anakumbushwa mbele ya wote. Mgeni akiona hayo huandika kwamba ni ushirikina. Haandiki kwamba usomaji ni wa hadharani, kwamba mwenye jicho na umri anaruhusiwa kupinga, wala kwamba emuron, mwaguzi mwenyewe, hupimwa kwa yaliyotimia. Sidai kwamba utumbo wa mbuzi unaijua kesho. Ninachosema ni kwamba mabishano yanayofanyika juu yake ni shule, na wazee wetu wamesoma humo.

 

Sasa tuwatazame wageni wetu. Mwaka 2011, kundi la watafiti lililoongozwa na Sonia Harmand lilipotea njia magharibi mwa Ziwa Turkana, likajikuta Lomekwi. Mmoja wa waliosaidia kuyaona mawe yaliyochongwa pale alikuwa Sammy Lokorodi, Mturkana. Mawe hayo yana umri wa miaka milioni 3.3, na hakuna zana kongwe kuliko hizo zinazojulikana duniani. Habari yake ilitolewa kwanza kwenye mkutano wa wataalamu San Francisco, Aprili 2015, na mwezi uliofuata ikachapishwa katika jarida la Nature. Ni kazi kubwa, na jina letu limekwenda nayo mbali. Lakini jicho lilikuwa la hapa, na kikao cha kwanza kikakaliwa ng'ambo ya bahari.

La tambarare ya Lotikipi linauma zaidi. Septemba 2013 ilitangazwa Nairobi, mbele ya serikali na UNESCO, kwamba chini ya tambarare ile kuna hifadhi kubwa mno ya maji, iliyogunduliwa kwa picha za setilaiti na rada. Magazeti ya dunia yakashangilia. Visima vya majaribio vilivyofuata vikaonyesha maji yenye chumvi nyingi, yasiyofaa kunywewa. Kosa la kipimo husamehewa, maana hata kijana aliyetumwa kutazama malisho hukosea. Lakini chini ya mti swali lingekuwa moja, umeyaonja? Furaha ya ulimwengu ingesubiri jibu.

Na Kakuma? Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, makazi ya Kalobeyei yakafuata 2016, na tangu hapo mwenyeji na mkimbizi wamekuwa wakihojiwa bega kwa bega. Mwaka 2018 IFC, shirika la Kundi la Benki ya Dunia, lilitoa ripoti kwamba soko la Kakuma lina thamani ya dola milioni 56 hivi kwa mwaka. Hesabu hizo zilitokana na kuwauliza watu mapato na matumizi yao, nyumba kwa nyumba. Mama anayeuza makaa kambini, aliyeulizwa anatumia kiasi gani kwa wiki, ana haki ya kujua hesabu yake ilijumlishwa vipi na nani amepata mkopo kwa sababu ya hesabu hiyo.

Wapo walioanza kuielewa adabu hii. Mwaka 2025 jarida la Science lilichapisha utafiti wa jeni za Waturkana, uliofanywa na wanasayansi wa Kenya na Marekani pamoja na jamii. Walisoma jenomu za watu 367. Wakaona kwamba jeni iitwayo STC1 husaidia figo zetu kutunza maji na kuhimili lishe ya nyama, damu na maziwa, na kwamba mabadiliko hayo ya jeni yalianza kushika miaka kama 5,000 iliyopita, nchi ilipokauka. Wanaonya pia kwamba miili iliyoumbwa kwa jangwa inaweza kutusumbua tukihamia mjini. Na wamesema wanaandaa vipindi vya sauti kwa Kiturkana ili matokeo yawafikie waliotoa damu. Hivyo ndivyo inavyofaa.

Uchungu wangu mwingine ni wa nyumbani. Onyo lile la kuhamia mjini linawahusu hasa watu wa Lodwar, na Lodwar ndiko mti wa wanaume unakosa watu. Vijana wanapokea habari za malisho, za uvamizi na za magonjwa kwenye simu, wanazisambaza kabla ya kumaliza kuzisoma, na hakuna anayewauliza waliona au waliambiwa. Tukiupoteza ule ukali wa kuhoji, tutampokea mtafiti kwa posho ya soda na kumwacha aende zake na chochote alichokuja kutafuta.

Kwa hiyo nadai jambo moja. Kila mtafiti Kenya hutakiwa kupata kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kabla ya kuanza kazi. Kibali cha kazi ya Turkana kiwe na sharti kwamba matokeo yatasomwa kwa Kiturkana katika baraza la pale yalipochukuliwa, mwenye kazi akiwepo kuhojiwa, kabla hayajachapishwa. Kaunti isimamie. Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, kilichopo hapa Lodwar, kitoe wakalimani na kihifadhi nakala. Na sisi tuwapeleke watoto wetu kwenye vikao hivyo, wajifunze kuuliza kama babu zao walivyouliza.