Kocha Naye ni Binadamu: Jinsi ya Kutaka Ushindi Bila Kujimaliza

Ndugu msomaji, hapa kwetu Kabras huhitaji kumfundisha mtu maana ya kutaka ushindi. Waulize mashabiki wa raga. Timu ya Kabras Sugar ilichukua Kombe la Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2016, kisha tukangoja hadi 2022 ndipo likarudi nyumbani. Katika miaka hiyo ya kungoja, KCB walitunyang'anya fainali zaidi ya moja. Sasa sikiliza watu wanavyoongea sokoni Malava baada ya mechi. Timu ikishinda, wanamtaja aliyefunga. Ikishindwa, wanamtaja kocha. Ni wachache sana wanaouliza kama huyo kocha alilala usiku.

Swali hilo ndilo nitakalolijibu katika makala haya. Nitatumia mpira wa kikapu kwa sababu mbili. Kwanza, ndio mchezo tunaoucheza shuleni muhula wa kwanza, ijapokuwa uwanja wetu ni wa udongo na mlingoti mmoja umeinama. Pili, makocha wa kulipwa wa mchezo huu, hasa wale wa ligi ya NBA kule Marekani, wamesema waziwazi yaliyowapata, bila kuona haya.

Hebu kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Katika NBA kila timu hucheza mechi 82 kuanzia Oktoba hadi Aprili, yaani karibu mechi moja kila siku mbili. Nusu ya mechi hizo huchezwa ugenini. Mechi inaisha usiku, timu inapanda ndege, inafika mji mwingine usiku wa manane. Wachezaji wanaenda kulala. Kocha je? Yeye anakaa kutazama picha za mechi iliyopita ajue kosa lilikuwa wapi, halafu anatazama picha za timu atakayokutana nayo kesho kutwa. Baada ya mechi hizo 82, timu zilizofanya vizuri huingia mechi za mchujo, na huko joto huzidi.

Mwili nao una sheria zake. Mtu akiwa katika shindano, mwili humwaga adrenalini, moyo unapiga mbio, macho yanakuwa makali. Kwa muda mfupi jambo hilo ni zuri, maana ndilo linalotupa nguvu. Lakini moto wa kupikia ukiachwa uwake usiku kucha, utaunguza sufuria. Mtu mzima anahitaji kulala saa saba au zaidi. Akizikosa siku nyingi mfululizo, hasira huwa karibu, kumbukumbu hupungua na maamuzi huharibika. Na kazi ya kocha ni nini kama si maamuzi? Timu yenye mpira ina sekunde 24 tu za kutupa. Ndani ya muda kama huo kocha anatakiwa aone nani amechoka, nani aingie, na wakati gani aombe mapumziko. Kocha asiyelala anaidhulumu timu yake hata kama anaipenda kama mboni ya jicho.

Tuangalie mifano. Steve Clifford alikuwa kocha wa Charlotte Hornets. Mwaka 2013 aliwahi kutibiwa mishipa ya moyo, akarudi kazini. Desemba 2017 alianza kuumwa kichwa vibaya sana. Madaktari walipochunguza, wakaona shina la yote ni kukosa usingizi. Ikabidi akae nje mechi 21, msaidizi wake Stephen Silas akashika timu. Clifford alirudi Januari 2018.

Miezi miwili baadaye, Machi 2018, ikawa zamu ya Tyronn Lue wa Cleveland Cavaliers, kocha aliyekuwa amechukua ubingwa mwaka 2016. Alitangaza kwamba anaumwa kifua na halali vizuri, akapumzika kwa chini ya wiki tatu. Larry Drew, msaidizi wake, akaendesha kazi. Je, timu ilianguka? La hasha! Cavaliers walifika fainali mwaka huo huo.

Mfano wa tatu ndio unaonipendeza zaidi. Steve Kerr, ambaye zamani alicheza Chicago Bulls pamoja na Michael Jordan, aliiongoza Golden State Warriors kuchukua ubingwa wa 2015. Baadaye akafanyiwa upasuaji wa mgongo. Upasuaji ukaleta matatizo mengine, akawa anaumwa kichwa kupindukia. Kusema kweli, ugonjwa wake haukuletwa na presha ya mechi kama wa wenzake. Lakini alikuwa na uamuzi wa kufanya: ajikaze kisabuni, au akae nje? Alikaa nje mechi 43. Msaidizi wake, Luke Walton, kijana wa miaka 35, akashinda 39 kati ya hizo, zikiwemo 24 za kwanza mfululizo. Kerr aliporudi Januari 2016, timu ikamaliza msimu na ushindi 73, rekodi iliyoupita ule wa Bulls wa mechi 72.

Jambo la ajabu ni hili. Fainali ya 2018 ilikutanisha Warriors na Cavaliers. Makocha wote wawili, Kerr na Lue, walikuwa wamewahi kukaa nje kwa sababu ya afya. Basi anayesema kwamba kocha akipumzika timu inakufa, atueleze hao wawili walifikaje fainali.

Hata hivyo nisikudanganye, msomaji. Kupumzika si hirizi ya ushindi. Ule mwaka wa rekodi ya 73, Warriors walifika fainali, wakaongoza kwa mechi tatu kwa moja, halafu wakashindwa na Cavaliers. Kwa hivyo sisemi kwamba kocha akilala atashinda. Nasema kwamba asipolala, atashindwa mambo mawili: mechi na mwili.

Najua kuna watakaonipinga. Tulipolijadili jambo hili katika Chama cha Kiswahili, mwenzangu mmoja alisimama akatoa methali: mchumia juani hulia kivulini. Akasema kocha mzuri ni lazima aungue jua. Wengi walimpigia makofi. Lakini hebu isome methali hiyo mpaka mwisho. Haisemi mchumia juani hufia juani! Inasema atakula kivulini. Wahenga walijua kwamba kivuli ni sehemu ya kazi. Mkata miwa wa hapa kwetu anaanza alfajiri, na jua likiwa kali anatafuta mti. Hakuna anayemwita mvivu.

Sasa, kivuli cha kocha ni kipi? Mimi naona ni vitatu.

Mosi, ni msaidizi aliyefundishwa kweli. Walton hakuokotwa njiani siku Kerr alipougua. Alikuwa benchi msimu mzima, anajua mipango yote na wachezaji wanamsikiliza. Kocha anayeficha maarifa yake ili aonekane wa lazima anajifunga kamba mwenyewe.

Pili, ni ratiba yenye mapumziko ndani yake. Hapa hatuna haja ya kwenda Marekani, twende Kaptagat. Patrick Sang, aliyeshinda nishani ya fedha ya Olimpiki mwaka 1992 katika mbio za kuruka viunzi na maji, ndiye aliyemfundisha Eliud Kipchoge. Katika kambi yake mazoezi magumu hasa yalikuwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku nyingine mbio zilikuwa za polepole, na mwisho wa wiki wakimbiaji waliokuwa na familia walikwenda nyumbani. Kwa ratiba kama hiyo Kipchoge alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019. Hapo mapumziko yaliandikwa kwenye ratiba kama mazoezi yenyewe. Kama mkimbiaji anapangiwa kupumzika, kwa nini kocha asijipangie?

Tatu, ni kipimo cha haki. Kocha anayejipima kwa kombe peke yake atakufa na kihoro, maana kombe ni moja na timu ni nyingi. Chukua timu yetu ya taifa ya wanaume. Februari 2021 kule Yaoundé, ikiongozwa na kocha Liz Mills kutoka Australia, Kenya iliifunga Angola 74 kwa 73, Tylor Ongwae akitumbukiza mpira sekunde za mwisho kabisa. Kwa njia hiyo tukaingia mashindano ya Afrika ambayo hatukuwa tumecheza tangu 1993, miaka 28! Kule Kigali hatukuchukua kombe. Ukipima kwa kombe, utasema tulishindwa. Ukipima kwa pale tulipotoka, utasema kazi ilifanyika.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu jambo hili si la Wamarekani peke yao. Shule yetu ni ya kutwa. Vipindi vinaisha, mazoezi yanaanza saa kumi jioni. Saa kumi na moja na nusu wenzetu wanaotoka mbali wanaanza kuondoka, maana wanapita katikati ya miwa na giza si rafiki. Mwalimu wetu wa michezo anabaki kukusanya mipira. Nyumbani anangojwa na vitabu vya kusahihisha. Jumamosi, tunapofua nguo, yeye yuko nasi kwenye mechi. Halipwi kama Kerr, wala hana wasaidizi watano benchi.

Muhula wa kwanza mwaka huu aliugua shinikizo la damu, akaambiwa na daktari apumzike wiki mbili. Je, tulifanya nini? Mazoezi yalikufa. Hakuna aliyejua funguo za stoo ziko wapi, wala aliyejua mpango wa mazoezi. Wengine wakanung'unika ati mwalimu ametuacha wakati mechi zimekaribia. Warriors walikaa bila kocha mechi 43 wakashinda 39, sisi tukakaa bila mwalimu siku kumi na nne tukasambaratika. Tofauti haiko kwa urefu wa wachezaji. Timu inayosimama pale kocha anapougua ilikuwa haijajengwa bado, ilikuwa inabebwa mgongoni. Na mgongo ni wa mtu mmoja.

Mwalimu amerudi, lakini amesema huenda akaiachia kazi hiyo mwisho wa mwaka. Akiiacha, hakuna mwingine aliyejitolea. Kwa hivyo, kabla hatujampoteza, nina mapendekezo machache. Nahodha na msaidizi wake wafundishwe kuongoza mazoezi ya kupasha mwili na ya kutupa mpira, ili mwalimu aje siku tatu badala ya tano. Mpango wa mazoezi uandikwe na ubandikwe ukutani. Funguo za stoo zikae mahali panapojulikana na zaidi ya mtu mmoja. Walimu wetu wapendwa, mmoja wenu akikubali kuwa msaidizi, hata kama hajui kudunda mpira, atatusaidia kuhesabu muda na kusafiri na timu. Nasi mashabiki, tukishindwa Jumamosi, tusimzomee mwalimu Jumatatu.

Kutaka kushinda ni kuzuri, wala simwambii mtu yeyote apunguze hamu hiyo. Mimi mwenyewe nataka tufike ngazi ya kaunti mwakani. Lakini nataka tufike huko tukiwa na mwalimu wetu, mzima, amelala vizuri, anapuliza kipenga.