Kabla ya Kununua Koilova kwa Gari la Spoti
Koilova ni shokapu iliyozungushiwa springi, yenye hesi zinazomwezesha fundi kushusha au kupandisha gari. Wanunuzi wengi huvutiwa na kimo, ilhali jambo kubwa zaidi ni ugumu wa springi. Springi ya kilo 8 kwa milimita huhitaji mzigo wa kilo 8 ili ibonyee milimita 1 tu. Hiyo hufaa uwanja wa mashindano uliosawazishwa. Kwenye barabara yenye mashimo, tairi huruka badala ya kushika lami, na gari huchelewa kusimama dereva akanyagapo breki.

Shokapu sharti ilingane na springi, maana ndiyo huituliza. Muulize muuzaji pia iwapo kimo hurekebishwa kwa kuzungusha kitako cha chini, pasipo kupunguza mwendo wa shokapu. Gari lililoshushwa mno hugonga raba za kikomo kila tuta, na starehe iliyolipiwa haionekani.

Baadhi ya magari yaliyotumika yatokayo Japani, kama vile Subaru Impreza, hufika yakiwa na koilova tayari. Kagua mafuta yanayovuja kwenye fimbo, na kutu kwenye hesi, hasa uishipo pwani: hesi zilizoganda hazizunguki tena. Dai risiti inayotaja aina ya gari na muda wa dhamana, na uulize kama vipuri vya ukarabati hupatikana. Baada ya kufunga, magurudumu yapimwe alaimenti siku iyo hiyo, na kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi.