Mwalimu na Mwanafunzi: Mpaka Usiovukwa

Mzazi wa Bondeni ampelekapo mtoto shuleni, humkabidhi mwalimu amana. Mtoto amefundishwa kumtii mwalimu, naye mwalimu ndiye atoaye alama na adhabu. Basi, je, mtoto atapata wapi nguvu za kumkatalia?

Mwaka 2010 wasichana wawili wa shule moja ya msingi hapa Nakuru walinajisiwa na mwalimu wao. Mwezi wa Mei 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba lawama si ya mwalimu peke yake, bali pia ya Tume ya Kuajiri Walimu na Serikali. Wasichana hao wakapewa fidia ya shilingi milioni 5 kwa jumla. Jaji alisema haitoshi kumhamisha mkosaji shule hata shule, na mwishowe kumfukuza kazi.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 yasema kwamba mwalimu atumiaye cheo chake kumshawishi mwanafunzi kwa uasherati atafungwa miaka isiyopungua 10. Nao waraka wa Tume wa mwaka 2010 wamtaka mwalimu ajuaye au ashukuye jambo hilo alitoe habari kwa muda wa saa 24.

Ndugu wasomaji, tusiyamalize mambo haya nyumbani kwa mbuzi na fedha. Mwalimu mwema hamfundishi mtoto faraghani, wala hamwiti nyumbani kwake. Na mtoto anenapo, tumsikilize kwanza.