Kompyuta ya Kwanza Nyumbani: Vipande Visivyopatana Hula Fedha ya Familia

Katika nyumba nyingi za Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji na katika mialo ya Kibirizi na Katonga, fedha hupatikana kwa jasho na kwa majira. Mvuvi wa dagaa hungoja giza la mwezi ndipo awashe taa zake ziwani. Mwenye michikichi hungoja chikichi ziive ndipo akamue mawese. Fedha kama hiyo inapowekwa kando ili watoto wapate kompyuta, ni wajibu wa familia nzima kuhakikisha kwamba haipotei bure.

Vijana wengi siku hizi hupenda kununua vipande na kuiunda mashine wenyewe. Jambo hilo ni la kusifiwa, kwani mwenye kuiunda kompyuta yake hujua kuitengeneza, na akipata fedha zaidi mwakani huongeza kipande kimoja badala ya kununua mashine mpya. Lakini, ndugu msomaji, vipande vya kompyuta ni kama parafujo na nati: kila kimoja chaweza kuwa kizima na kizuri, na bado visiingiane. Aliyeko Dar es Salaam akikosea hurudi Kariakoo siku ya pili. Aliyeko Kigoma ametenganishwa na duka hilo na reli ya zaidi ya kilometa 1,200, na nauli ya kurudisha kipande yaweza kukaribia bei ya kipande chenyewe.

FUNZO LA LIEMBA

Wakazi wa Kigoma wasione kwamba kazi hii ni ngeni kwao. Meli ya Liemba, ambayo kwanza iliitwa Graf von Goetzen, iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani. Kisha ilifunguliwa, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli. Hapo iliunganishwa upya, ikashushwa majini Februari 1915. Iliwezekana kwa sababu kila bamba lilikuwa limepimwa na kukubaliana na mwenzake kabla ya safari. Mnunuzi wa kompyuta naye afanye hivyo hivyo: mapatano ya vipande yahakikishwe kabla ya mzigo kupanda treni.

Yafaa pia kukumbuka kwamba Wizara ya Fedha ilianza kutumia kompyuta mwaka 1965, na kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, marufuku ambayo ililegezwa baadaye. Chombo ambacho zamani kiliiletea Wizara nzima mashaka ya gharama, leo kijana hukiunda juu ya meza ya kulia chakula. Hata hivyo somo la gharama halijabadilika.

PROSESA NA UBAO WAKE

Anza na prosesa, yaani kile kipande kifanyacho hesabu zote, pamoja na ubao mkuu ambao mafundi huuita madabodi. Ubao una soketi, na soketi hupokea prosesa za aina yake tu. Kwa mfano, prosesa za Intel za kizazi cha 12, 13 na 14 hutumia soketi iitwayo LGA1700. Zile za kizazi cha 10 na 11 hutumia LGA1200. Kwa upande wa AMD, soketi ya AM4 ilitumika kwa miaka mingi, na mwaka 2022 ikafuatiwa na AM5. Prosesa ya AM4 haiingii katika AM5 hata kwa kubembelezwa. Ukiilazimisha utapinda pini zake.

Soketi ikilingana, bado liko swali la pili. Ubao uliotengenezwa kabla ya prosesa kutoka huenda usiitambue mpaka programu yake ya msingi, yaani BIOS, ifanywe upya. Mwombe muuzaji aifanye kazi hiyo dukani.

Swali la tatu ni la picha. Prosesa nyingine zina uwezo wa kutoa picha kwenye kioo, nyingine hazina. Core i5-12400 inao. Ndugu yake 12400F hana. Ryzen 5 5600G inao; 5600 bila herufi ya mwisho hana. Herufi moja tu, na mtoto atakaa mbele ya kioo cheusi hadi inunuliwe kadi ya michoro. Kwa kuandika, kujisomea na hesabu za shule, prosesa yenye picha yake yenyewe yatosha kabisa, na fedha ya kadi yaweza kununua kumbukumbu zaidi.

KUMBUKUMBU NA DISKI

Kumbukumbu, au ramu, nazo zina vizazi. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini pengo la katikati limewekwa mahali tofauti ili moja isiingie pa nyingine. AM4 hupokea DDR4, na AM5 hupokea DDR5. Kwa LGA1700 ndiko wengi hunaswa, kwa kuwa zipo mbao za DDR4 na zipo za DDR5. Isome karatasi ya ubao wenyewe, wala usikisie kwa jina la prosesa. Kadhalika, ramu fupi za kompyuta ya mapajani haziingii katika mashine ya mezani.

Diski nyembamba za M.2 hufanana kwa umbo, ilhali nyingine ni za NVMe na nyingine ni za SATA. Uliza ubao unapokea ipi.

KASHA

Ubao wa ATX una milimita 305 kwa 244; ule mdogo, micro-ATX, una 244 kwa 244. Kasha dogo halipokei ubao mkubwa. Pima pia urefu wa kadi ya michoro na kimo cha kipoza joto. Kwa vumbi letu la kiangazi, chagua kasha lenye chujio linaloweza kutolewa na kuoshwa.

UMEME

Kamba hukatikia pabovu, na katika kompyuta ya bei nafuu pabovu mara nyingi ni pawa saplai. Fanya hesabu. Prosesa iliyoandikwa wati 65 yaweza kupanda kupita 100 inapofanya kazi nzito, tuseme 110. Kadi ya michoro ya kiasi yaweza kula 170. Ubao, diski na feni tuvipe 60. Jumla ni wati 340; basi pawa saplai ya wati 550 yenye jina la kuaminika itafanya kazi bila kuhema. Pasipo kadi, 400 zatosha.

Umeme wetu ni volti 230. Pawa saplai nyingine za zamani zina swichi ndogo nyuma yenye 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa ukutani, italipuka. Vifaa vivukavyo ziwa kutoka Kongo au Burundi huja na plagi za pini mbili za mviringo. Tafuta waya wa pini tatu wenye njia ya ardhi, usiridhike na adapta inayoiacha pini hiyo bila kazi.

Kigoma, ambayo kwa miaka mingi iliwashwa kwa jenereta za dizeli, yajua vyema maana ya taa kuzimika ghafla. Nunua betri ya akiba, na usidanganyike na namba kubwa ya nje: iliyoandikwa VA 650 mara nyingi haibebi wati 400. Tazama wati.

MASHINE ZA MTUMBA

Wengi hununua kompyuta za ofisi zilizotumika ili waongezee vipande. Si vibaya, lakini kampuni nyingi kubwa hutumia pawa saplai na mbao za maumbo yao wenyewe. Fungua kasha, hesabu pini za waya mkubwa wa umeme: wa kawaida una 24. Zikiwa pungufu, jua kwamba pawa saplai ya dukani huenda isiingie.

KABLA YA KUFUNGA MZIGO

Andikeni orodha katika karatasi moja: soketi, aina ya ramu, ukubwa wa ubao, wati. Aliyetumwa mjini aisome mbele ya muuzaji, na muuzaji aviunganishe vipande juu ya meza na kuviwasha kabla ya fedha kutolewa. Prosesa ibaki katika soketi yake wakati wa safari, kwani hapo pini zake zi salama. Nunua pia dawa ya kupitisha joto, maana hupakwa upya kila kipoza joto kinapofunguliwa. Risiti itunzwe na baba au mama, si mfukoni mwa kijana.

Siku ya kuunda, gusa chuma cha kasha kwanza ili umeme tuli wa mwilini usiunguze kipande. Na bisibisi isiwe ya mvulana peke yake. Binti naye apewe zamu. Mashine iliyonunuliwa kwa dagaa na mawese ya nyumba nzima yastahili kufahamika kwa nyumba nzima.